Kipengele cha Sita

Nyumba ya Nne,
Nyuma ya Ofisi za Kaunti,
S.L.P. 318.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Hujambo wewe, hawajambo wanangu, hajambo Shemeji? Goti lako limepoa, au bado unapanda ngazi kwa kupumzika kila hatua tatu? Mimi mwili mzima, moyo ndio una homa. Nimeshika kalamu badala ya simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Najua Mjomba ameshakupigia. Basi sikia na kwangu. Mwamba ngoma huivutia kwake, na mimi pia ni mwamba ngoma, ila nitajitahidi nisijipendelee.

Unajua kaunti iliunda Tume ya Kukuza Utalii na Mjomba akateuliwa mwenyekiti. Baraza liliwapa siku tisini tu: waonyeshe kazi, au tume ivunjwe. Mimi nilihamishwa kutoka masjala ya ardhi nikawe karani wao wa kumbukumbu. Ofisi yetu ilikuwa stoo ya mbolea. Ukifunga dirisha unapiga chafya, ukilifungua karatasi zinaruka. Tulikubaliana na Mjomba kwamba kazini mimi ni Karani na yeye ni Mwenyekiti. Undugu tuuache getini.

Kazi ya kuonyesha ilikuwa daraja la waya na mbao, lile la kuning'inia juu ya korongo. Lilipakwa rangi, likapigwa picha, likawekwa kwenye kipeperushi. Uzinduzi ulipangwa Jumamosi, yaani jana.

Jumanne tukiwa kikaoni akaingia fundi wa kuchomelea, tunayemwita Cheche, aliyepewa kazi ya kufunga wavu wa pembeni. Alisimama mlangoni na miwani yake ya kazi ikiwa bado kichwani.

"Mwenyekiti, wavu nimemaliza. Lakini ule waya mkubwa wa kushoto, pale unapoingia kwenye zege, umeoza kwa ndani. Wakipita watu watatu, sawa. Wakipita hamsini, mimi sitakuwepo kutazama."

Mjomba akacheka. "Fundi, wewe ni wa mageti. Daraja lina wahandisi wake."

Wote wakacheka, hata mimi nilitabasamu, Dada, sikufichi. Lakini mkono uliandika. Kikawa kipengele cha sita cha kumbukumbu.

Alhamisi rasimu ilirudi kwangu kutoka kwa Mjomba. Kipengele cha sita kimepigwa mstari mwekundu. Nikaenda ofisini kwake nikamwambia fundi alisema, na wote walisikia. Akafunga mlango.

"Mwanangu," akasema, undugu ukaingia bila kubisha hodi, "kumbukumbu ni za maamuzi, si za maneno ya kila mpita njia. Tume hii ikivunjwa, watasema niliivunja mimi. Mama yenu alipofariki, nani aliwachukua ninyi wawili?"

Ungekuwa wewe ungejibu nini? Nilirudi mezani, nikafuta, nikachapa nakala nane safi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, na sitaki ulisikie kwa mtu mwingine.

Ijumaa asubuhi, nikipanga nakala hizo mezani, simu ikalia. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, anataka kuthibitisha kwaya. "Watoto arobaini na wawili na walimu watatu," akasema kwa furaha. "Mwenyekiti amesema wataimbia katikati ya daraja, picha itoke vizuri. Wamefurahi hao, hawashikiki!"

Nilikata simu nikajumlisha: watu arobaini na watano.

Kikao kikaanza. Mjomba akasema, "Karani, tusomee." Nikasoma cha kwanza hadi cha tano. Halafu nikaweka karatasi chini, nikafungua daftari langu la mkono, nikasoma maneno ya Cheche yote, pamoja na "mimi sitakuwepo kutazama."

Nikafunga daftari.

"Hicho hakimo kwenye karatasi," Mjomba akasema taratibu.

"Kimo kwenye daftari, Mjomba. Nilikifuta mimi."

Nilimwita Mjomba mbele ya wajumbe wote. Hakuna aliyecheka. Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni, anayewawakilisha wenzake kwenye tume, akavua miwani: "Fundi yuko wapi sasa hivi?"

Tulimkuta sokoni akichomelea geti la duka, tukaenda naye korongoni. Alipiga zege nyundo mara tatu, kipande kikabanduka. Akaingiza vidole, akatoa kutu nyekundu ya kujaza kiganja.

Mjomba bado hakukubali. Akaagiza mifuko ya mchanga, kila mmoja uzito wa mtoto. Vijana wakazunguka ng'ambo, mifuko ikawa inavutwa mmoja mmoja kwa kamba juu ya mbao hadi katikati na kuachwa hapo, pasipo mtu kukanyaga. Ishirini, kimya. Thelathini, kimya, na Mjomba akaniangalia, nikatamani ardhi inimeze. Mfuko wa thelathini na nne ulipofika katikati, tukasikia kitu kikikohoa ndani ya zege. Waya ukateleza, daraja likalala ubavu, na mifuko ikaanza kudondoka korongoni. Ilidondoka polepole, Dada. Tulipata muda wa kuutazama kila mmoja.

Mjomba alikwenda kukaa garini, mlango wazi, miguu nje.

Jana uzinduzi ulifanyika uani kwa ofisi. Mjomba mwenyewe alitangaza daraja limefungwa, kwa sauti iliyonyooka, wala hakumtupia mtu lawama. Watoto waliimba wakiwa wamesimama juu ya udongo. Baraza litaamua Ijumaa kama tume itaendelea, na wengi wanasema haitaendelea.

Leo saa nne asubuhi nilikwenda kwake kumwomba radhi. Si kwa kusoma, kwa hilo sina radhi ya kuomba. Nilitaka kumwambia kwamba mstari mwekundu ulikuwa wake, ila kufuta kulikuwa kwangu, kwa hiyo tulikuwa wawili. Mkewe alinifungulia. Nikasikia sauti kutoka chumbani: "Mwambie nimelala." Redio ilikuwa inaongea.

Nina ombi moja tu. Mpigie. Usimtetee mtu, wala usimwambie nani ana haki. Mwamkie, mwulize kama amekula, kisha unyamaze umwache aseme. Wewe ndiye mtoto wake wa kwanza, kabla hajazaa wa kwake. Nikipiga mimi hapokei.

Nisalimie Shemeji, wabusu wanangu wote, na Mama Mdogo mwambie dawa yake ya kifua naitafuta. Mungu awafunike, asiwaonjeshe wiki kama hii yangu.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukuogopa kidogo,

Kitinda