Kamusi ya Mzee Nehemia na kompyuta iliyogoma kuwaka

Mshauri wetu, shikamoo. Nimekwama na sina wa kumweleza asinicheke. Nina duka la kuchapa na kutoa kopi hapa Ujiji, kompyuta yangu inatumia mfumo uitwao Linux, aliniwekea kaka yangu Iddi akaniambia ikiomba kusasishwa niiache tu isije ikaharibika, nami nikaiacha karibu miaka miwili. Mwaka huu akaja Mzee Nehemia, mwalimu mstaafu wa Kalinzi, anatunga kamusi ya Kiha na macho yake yamefifia hawezi tena kuandika, basi kila Alhamisi anashuka kwa bodaboda, anataja maneno na maana zake, mimi nachapa, miezi minane sasa. Mwezi uliopita mteja mmoja akanitisha kwamba kompyuta isiyosasishwa huingiliwa na wezi wa mtandaoni, nikabonyeza kusasisha vyote kwa mkupuo, dukani wateja wamejaa, katikati umeme ukakatika, na uliporudi kompyuta ikaleta maandishi meupe kwenye kioo cheusi ikaishia hapo. Kamusi yote imo humo na sina nakala. Mzee alipopiga simu nilimwambia naumwa, wiki iliyofuata nikamwambia nimefiwa, na sijafiwa. Akasema, "Pole sana mwanangu, maliza ya familia kwanza, mimi nitakusubiri." Nililia. Nimwambie nini? Na hizi mashine zisasishwe kila siku, au Iddi alikuwa sahihi?

Hasna, Ujiji

Marahaba, Hasna. Nilikupigia simu siku ileile niliyopata barua yako, maana hili halikuwa la kungoja gazeti. Nilikwambia kilichovurugika huenda ni mfumo tu, mafaili yakawa mazima, ukatafute fundi anayeijua Linux aiwashe kompyuta kwa flashi yenye mfumo mwingine. Jumatatu ukanieleza kwamba fundi Eliakimu ameikuta kamusi nzima, akainakili, kisha akauweka mfumo upya. Nikafurahi nawe. Halafu ukaniuliza kama bado kuna haja ya kumwambia Mzee, maadamu hakuna kilichopotea. Hapo uliniudhi.

Tuanze na mashine. Iddi alikosea kukuzuia, nawe ukakosea kukurupuka. Sasisha mara moja kwa wiki, siku ambayo huna kazi ya mtu mkononi. Ila masasisho ya usalama, yale yanayowazuia wezi wa mtandaoni, usiyakawize zaidi ya siku mbili tatu. Kabla ya kubonyeza, nakili kazi zako kwenye diski ya nje, na utumie programu inayohifadhi hali ya mfumo ili mambo yakiharibika uurudishe ulivyokuwa. Umeme wetu unaujua, kwa hiyo pata betri ya akiba ya kompyuta, na usizime katikati hata ikikawia. Ikimaliza, iwashe upya, uchape karatasi moja uone printa inaitika. Kuhamia toleo jipya kabisa la Linux ni jambo jingine. Kaa kwenye toleo linalohudumiwa kwa miaka mingi, na jipya likitoka subiri miezi kadhaa kasoro zake zirekebishwe. La kwako likiwa bado linahudumiwa, hakuna anayekukimbiza.

Sasa Mzee. Alikukabidhi kazi ya uzee wake, ukamzulia msiba, naye akakupa pole. Fundi hawezi kukurekebishia hilo. Tena anapaswa kujua kwamba miezi minane yote ilikaa mahali pamoja bila nakala, kwa sababu kamusi ni yake. Usingoje ashuke Alhamisi. Panda wewe Kalinzi Jumamosi hii, umkabidhi flashi yenye kamusi yake, umwambie hukufiwa bali uliogopa. Akikasirika ana haki, mwache aseme mpaka amalize na usijitetee. Kisha toa daftari na kalamu, umwombe akutajie neno linalofuata.