Siku Niliyoingia na Kitenge Kwenye Uwanja wa Farasi

Makumira, Arusha

Dada yangu mpenzi Yudita,

Shikamoo dada. Mama naye mpe shikamoo yangu, mwambie nimepiga magoti hapa hapa ninapoandikia. Kifua chake kimetulia? Mvua huko Kiomboi imefika? Sisi ni wazima, na mimi nina furaha nisiyojua niiweke wapi. Dada, kuolewa ni kutamu! Zablon akirudi kutoka kwenye useremala ana vumbi la mbao mpaka kwenye kope, na mimi namwona kama ametoka kuoga. Wiki nzima ananiita bibi harusi mbele ya watu. Mama yake akisikia, anaguna.

Ndiyo, mama mkwe. Ni mtu mwema, ananipenda, lakini tulipohamia kwake alisema wazi: "Hapa kwetu mke wa mtu hapiti mbele ya baba mkwe na suruali." Basi nikawa naondoka na gauni, nabadilisha kazini kwenye stoo ya majani ya farasi.

Sasa shamba la farasi ninakofanya kazi likaandaa maonyesho, majirani wote wakaalikwa. Mimi nikapewa Barafu, farasi jike mweupe, nimwonyeshe kwa mkono. Yaani humpandi, unamshika kamba, unatembea naye, kisha unakimbia naye mbele ya jaji. Meneja alitukalisha akatuambia mavazi: suruali nyeusi ili weupe wa farasi uonekane, shati jeupe lililochomekwa, glavu kamba isikuchune, kofia ngumu, buti ngumu maana akikukanyaga na raba utalia. Hereni na bangili vua. "Jaji anamtazama farasi, siyo nyinyi," akasema. "Na mwilini mwako kisipepee kitu."

Zablon alipomweleza mama yake, mama aliweka kijiko chini.

"Baba yenu atakuwepo. Kina mama wa kwaya watakuwepo. Akiniaibisha, Jumatatu habandui mguu hapa. Migomba ipo, akapalilie."

Dada, ile kazi naipenda. Zablon akataka kubisha, nikambana mguu chini ya meza. Mwishowe mama mwenyewe akatoa njia: "Vaa hiyo suruali, ila juu yake funga kitenge."

Nikakubali. Nilijua alichosema meneja, lakini nilijidanganya kwamba nikikikaza sana hakitapepea. Siku yenyewe meneja alikuwa getini na wageni, hakuniona naingia uwanjani.

Kutembea tulitembea vizuri. Tulipoanza kukimbia, upepo ukashuka kutoka mlimani, kitenge kikainuka kikampiga Barafu tumboni. Akasimama kwa miguu ya nyuma! Kwato zilikuwa juu ya kofia yangu. Watu wakapiga kelele, Zablon akaruka uzio.

"Wewe usisogee!" meneja akamfokea. "Levina, toa hicho kitambaa!"

Ningekitoaje? Mikono yote miwili ilikuwa kwenye kamba, na nyuma ya uzio wa kamba watoto wa Sunday school walikuwa wamekaa kwenye majani. Nikiachia mkono mmoja tu, Barafu anawapitia. Akatua chini, lakini kitenge bado kilikuwa kinapepea.

Ndipo nikamwona mama mkwe. Anakuja polepole, kama mtu anayemfuata kuku anayeatamia.

"Mama, rudi!"

"Nyamaza. Mshike mnyama wako."

Nikasikia vidole vyake kiunoni. Fundo lilikuwa limekaza. "Hili umefunga mwenyewe au umefungiwa na adui?" akanong'ona. Farasi anakoroma, mate yake yananirukia shingoni, na mama anafungua tu. Kitenge kikatoka. Akakikunja, akakibana kwapani, akarudi kinyumenyume. Nikabaki na suruali mbele ya baba mkwe na kwaya nzima.

Barafu akashusha pumzi. Jaji akapunga mkono niendelee. Tukakimbia, dada, tukakimbia vizuri kweli, ingawa utepe wa ushindi walipata wengine.

Nilipotoka, mama mmoja wa kwaya alikuwa anauliza kwa sauti, "Mama Zablon, mkwe wako ndiyo yule wa suruali?"

"Ndiye. Ulitaka amshike farasi na gauni la harusi?"

Njiani Zablon akakohoa, akauliza habari ya Jumatatu. Mama hakugeuka. "Aende kazini. Na ile stoo ya panya aache. Avalie nyumbani, apite mlangoni kama watu."

Baba mkwe alikuwa mbele yetu. Akasema tu, "Amesikia," nami nikajua hata yeye ameniruhusu.

Msalimie shemeji, baba watoto wako. Msalimie bibi mzaa mama, umwambie sijavunjika popote. Mjomba mchunga ng'ombe mwambie farasi ana hasira kuliko dume lake. Zablon anawaamkia wote. Ameniegemea begani anasoma, ndiyo maana mwandiko umepinda.

Ni mimi mdogo wako, mke wa mtu,
Levina