Mkate wa Ziwa Nyasa

Mpwa wangu Neema,

Pole na baridi ya Njombe. Huku Kyela mjomba wako natoka jasho mpaka kwenye kope. Jana asubuhi niliona moshi mweusi umesimama juu ya ziwa, mrefu kuushinda Mlima Rungwe, na wenyeji wamekaa tu. Nikanyakua ndoo ya maji, nikakimbilia ufukweni peke yangu. Bibi mwenyeji wangu akauliza, "Mgeni, hayo maji unalipelekea ziwa?"

Kumbe ni wadudu, wadogo kuliko mbu. Wanaitwa kungu, na watu huwanasa kwa vikapu na kuwafinyanga mikate.

Mchana bibi akaniwekea mikate hiyo mbele ya ukoo wake wote. "Aliyetaka kulizima ziwa, sasa alile." Neema, heshima yetu yote ilikuwa kwenye ile sahani. Nikala mitatu bila kupepesa, nikashushia wali, nikashukuru kwa lugha yao, "Ndaga fijo, bibi, ongeza." Wakapiga vigelegele hadi Malawi wakasikia.

Nakuletea kipande. Mungu akutunze, mwanangu. Tangu jana naitwa Zimamoto. Mama yako akiuliza, mwambie ni cheo.

Mjomba wako Asegelile