Motokari ya Mioyo Mbili

Lubumbashi, tarehe 3 mwezi wa tatu 2024

Benita mutoto wangu,

Jambo ya asubui, jambo ya muchana, jambo ya mangaribi. Chagua yenye barua itakukuta nayo. Uko muzima? Batoto ba masomo yako bako bazima? Homa ya Mitwaba haikukupata? Sisi huku tuko, Mungu anatulinda. Mama yako Kapinga anakula bukari muzuri. Muguu yake ya kuume njo ingali inakataa tangu ule ugonjwa wa kupooza, lakini mara mbili ku juma namupeleka kwa kinezi, munganga wa viungo, banamunyoosha, tunarudia. Bila motokari yenye ulitutumia, angekuwa analala tu ku kitanda na kuhesabu mabati. Donc aksanti sana.

Nakuandikia na mukono yangu miye mwenyewe. Bantu banasemaka muzee Kasonde hakusoma. Nilisoma miaka mbili, na ile mbili ilitosha. Barua nampa Donat, shofere wa camion ya mahindi mwenye kufikaka Mitwaba, juu telefoni ya kwenu inakula maneno.

Sasa kuko habari kidogo. Usiogope. Siku ya kazi ine motokari ilikimbia yenyewe. Nilikuwa nafika ku kona ya avenue yetu, polepole kama askofu mu maandamano, mara vuuu! Nakanyaga fren, naachia, nakanyaga tena, motokari inaenda tu. Iliingia mu mifuko ya makala ya kupikia ya Nono, jirani yetu. Makala iliruka mupaka ku mabati ya bantu. Nono alikuwa ameenda kunywa maji, Mungu iko na akili. Motokari ilikwaruzika ku pua tu.

Sikiliza. Miye niliendesha camion ya mine, mu mugodi, miaka makumi tatu na moja. Tani makumi mbili ya majiwe ya shaba mu mugongo, mulima, mvua, sikugonga hata kuku. Kuku ya Kipushi yote inanijua, ilikuwa inanipisha. Donc haiwezi kuwa muguu yangu. Ni hii motokari. Iko na mioyo mbili, moja ya petroli, moja ya bateri. Muntu wa mioyo mbili, weye unaweza kumwamini? Tena iko kimya kama mwizi. Asubui sijui kama imewaka ao imekufa, nakanyagaka kidogo ili nisikie, hakuna kitu.

Na naichunga! Vumbi nyekundu ya huku isiiharibu, nilikata kipande ya ule mukanda wa mupira munene wenye ulikuwa unabeba majiwe ku mine, wenye balinipa siku ya pension. Nilitandika chini ya miguu yangu, juu ya tapi ya Bajaponais, ile zulia motokari ilikuja nayo. Hakuna motokari ingine mu Lubumbashi iko na tapi kama ile.

Majirani banasema ni wivu, kuko muntu aliitupia kitu. Miye sijasema.

Baba yako,
Kasonde, shofere

*

Mitwaba, tarehe 16 mwezi wa tatu 2024

Baba wangu,

Jambo sana. Huku ni uzima, ni mvua tu haitaki kwisha. Barua yako ilifika na unga ya mahindi juu yake, nilipangusa kwanza ndiyo nisome. Mama anaendelea namna gani? Vidole bya mukono vinafungua?

Pale pa kuku ya Kipushi nilicheka. Kisha sikucheka tena. Baba, kazi ine ni siku ya kinezi. Mama alikuwa wapi?

Mwalimu mwenzangu Aimé alifanyaka kazi mu garaji ya hizi motokari. Alisema motokari ikikimbia, mioyo mbili ao moja, fanya hivi. Fren ukanyage mara moja, na nguvu yote, hata miguu yote mbili, na usiachie. Usikanyage na kuachia kama kupiga pompi ya maji. Pale pale uvute ile kamuti ya vitesi, ya gia, mupaka ku N, na uishike pale kidogo, juu ukiachia mbio, motokari haisikii. Injini italia, uache ilie, haina tena kazi na magurudumu. Ikisimama njo utaizima.

Na uipeleke kwa Alexis, fundi wa Katuba, aangalie yote.

Umwambie mama akusomee hii barua kila asubui kama sala. Najua utakasirika. Kasirika, lakini sikiliza.

Mutoto wako,
Benita

*

Lubumbashi, tarehe 1 mwezi wa ine 2024

Benita,

Jambo. Tuko bazima. Homa hakuna.

Ni nani alikufundisha kutembea? Ni miye. Nilikushika vidole mbili mu kiwanja ya kambi ya mine, weye unalia. Leo unanifundisha fren. Sawa.

Mama yako alikuwa mahali pake.

Anasoma barua yako kila asubui, kweli, na sauti ya padri. «Usikanyage kama kupiga pompi ya maji.» Miye nakunywa chai yangu, naitika amina. Anasema nikicheka anaanza upya. Juzi alianza upya mara ine, chai ilipoa.

Kwa Alexis nilienda. Na nilienda namna ya bantu benye heshima, si kama bale banapeleka motokari buchafu. Mutoto unamupeleka kwa munganga bila kumuogesha? Niliiosha inje na ndani, nikatoa mupira yangu nikaiacha ku nyumba, juu ku garaji kuko mikono mirefu. Ilingaa mupaka Alexis aliuliza kama nauzisha. Aliingiza kamashini yake na kamba, aliangalia ku kioo kama muntu anaangalia timu ya Mazembe inacheza. Saa nzima! Alilala chini, aliendesha mupaka ku rond-point na kurudia. Akasema: «Muzee, haina kitu. Fren iko muzuri, akseleratere inarudia muzuri, bateri iko muzuri.» Nikamwambia: «Donc ni makala ya Nono njo ilikuja kunigonga?» Akakunja kamba yake. Bafundi ba leo, bila kamashini habana macho.

Nikarudi, nikatandika mupira yangu, nikaita pasteur. Alitia mafuta ya baraka ku volan, ule usukani. Inatembea sasa muzuri sana.

Baba yako,
Kasonde, shofere wa mine

*

Mitwaba, tarehe 14 mwezi wa ine 2024

Baba,

Jambo. Niko muzima. Sina maneno mingi ya salamu leo.

Reseau ya telefoni ilikuja dakika tano siku ya Mungu, Nono akanipata. Alikuwa anataka kujua kama mama hana maumivu tena ku bega. Nikauliza bega gani. Njo akasema yote. Alisema mama alitoka mu motokari na makala ndani ya nywele, anacheka ili asilie, na weye Baba ulimuapisha mama mbele ya Nono asiniambie.

Mahali pake, Baba? Mahali pake ilikuwa pembeni yako.

Mama niko naye mumoja tu. Alifundisha ule muguu kusimama upya kama mutoto, na mara moja tu ya ile vuuu yako ingemaliza yote. Tukimaliza masomo huku, mwezi wa saba, nitakuja kuchukua motokari. Nitatafuta muntu mwingine wa kumupeleka kwa kinezi.

Sisemi vile juu umezeeka. Nasema juu ulinificha. Kama ungeniambia ni bawili mulikuwa ndani, ningekuja siku ile ile, hata juu ya magunia ya Donat.

Umubusu mama. Mwambie simukasirikie.

Benita

*

Lubumbashi, tarehe 26 mwezi wa tano 2024

Benita mutoto wangu,

Jambo. Utanisamehe, juma sita bila neno. Mara tatu nilianza kukuandikia, mara tatu niliwashia na ile karatasi mbabula, jiko ya makala. Ilikuwa hasira. Leo haiko tena hasira, ni kitu kingine, njo maana inaandikwa.

Sisi bote tuko bazima. Soma hii neno mara mbili kisha uendelee: bote, bazima.

Siku ya kazi mbili ya kupita tulikuwa tunaenda kwa kinezi. Pale barabara inashuka karibu na soko, niliongeza moto kidogo ili nipite camion, na motokari ikakamata njia. Vuuu, kama siku ya makala. Mbele yetu bamama balikuwa banavuka na mabeseni ku kichwa. Nilikanyaga fren, na muguu yangu ikataka kuachia, kukanyaga, kuachia, namna tulifanyaka na camion ya zamani. Njo mama yako akapiga kelele. Ile sauti yake, tangu ugonjwa ilikuwa inatoka kama ya kapaka, siku ile ilitoka kama ya sajenti.

«Baba Benita! Miguu mbili! Usipige pompi! N! Shika N!»

Muntu akisomewa sala kila asubui, hata kama anacheka, inaingia. Miguu mbili. Kamuti, N, nikaishika. Injini ililia kama nguruwe, lakini magurudumu ilikuwa imeshaachiliwa. Tulisimama mita mbili mbele ya mama mumoja mwenye kuuzisha sombe, majani ya mihogo. Hakuangusha hata jani. Alituangalia, akaniambia: «Weye muzee, unanunua ao unapita?»

Nilikuwa ningali nimeshika N. Nilizima. Mama yako aliweka mukono yake juu ya yangu, ile ya kuume, ile ya kulala. Kisha niliangalia chini.

Mupira, Benita. Mupira yangu ya mine. Iliteleza juu ya tapi ya Bajaponais, ikaenda mbele, ikapanda juu ya akseleratere, ile pedali ya moto, na kuikandamiza chini. Nilivuta na mikono mbili ndiyo iachie. Kama sikuwa nimeshaizima, injini ingenyamaza pale pale. Na siku ya kwenda kwa Alexis niliitoa ili isiibiwe, nikamupelekea motokari bila ugonjwa yake. Angeona nini, maskini? Nilienda kumuomba musamaha. Alicheka mupaka akakaa chini juu ya pneu, tairi ya zamani.

Haikuwa mioyo mbili. Haikuwa wivu ya bantu. Ilikuwa kosa yangu miye. Ile neno, kosa, sijaiandika mu maisha yangu, angalia namna iko imepinda.

Na mara ya kwanza, ndiyo, mama yako alikuwa pembeni yangu. Nilikuficha juu nilijua utachukua motokari, naye atarudi kuhesabu mabati. Hiyo ni nusu. Nusu ingine ni hii: bila volan miye ni nani? Ni muzee wa kukaa ku kiti na kufukuza mbuzi.

Funguo nimemupa Alexis, bila kuombwa. Tangu siku ile mama yako hakuenda kwa kinezi, na muguu imeanza kukaza. Usingoje mwezi wa saba. Kuja, ao tuma neno. Lenye utasema, nitafanya.

Baba yako,
Kasonde

*

Mitwaba, tarehe 8 mwezi wa sita 2024

Baba wangu mupenzi,

Jambo, jambo, jambo. Naandika mbio, Donat amewasha camion na anapiga honi mbele ya masomo, batoto bote bako ku dirisha.

Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikakaa. Ile neno yenye imepinda niliielewa vizuri.

Na miye niko na kosa. Mara mbili uliniandikia mupira, mupira, na miye mwalimu, mwenye kuambiaka batoto basome na macho yote, nikapita. Nilitafuta ugonjwa mu motokari, nikatafuta mu myaka yako, sikuangalia chini ya miguu.

Enda kwa Alexis, uchukue funguo. Tapi ya Bajaponais ibaki peke yake, na afunge ile mandoano yake mbili ya chini ili isitembee. Kisha ufanye N mbele yake, motokari ikiwa inatembea polepole mu kiwanja, mupaka aseme inatosha. Na kesho yake umupeleke mama. Muguu haungoji barua.

Mwezi wa saba nitakuja. Sitachukua motokari. Nitakaa nyuma, na weye utatutembeza.

Mutoto wako,
Benita

*

Lubumbashi, tarehe 23 mwezi wa sita 2024

Benita mutoto wangu,

Jambo kubwa! Baridi imeingia, asubui tunatoa moshi mu kinywa kama camion, lakini uzima uko mwingi mupaka naweza kukutumia sehemu mu gunia.

Funguo iko ku mufuko yangu. Alexis alifunga mandoano, akaniambia nijaribu na mikono yangu miye kusogeza ile tapi. Haisogei. Kisha akasema nifanye N mara kumi. Nilifanya kumi na mbili, ile mbili ilikuwa ya kumuonyesha. Alisema hajaona muzee anashika N kama miye. Sisemi ni miye nasema, ni yeye alisema.

Tulirudia kwa kinezi mara ine. Naendesha na viatu, si na kandambili tena, hiyo nayo Alexis alikataza. Tunapita mbele ya mama wa sombe, anatupungia mukono, ananunisha uso, anasema: «Leo munanunua?» Sasa tunanunua. Tunakula sombe mupaka tumekuwa kijani.

Mupira sikuitupa. Kitu ya pension haitupwi. Unajua pale mbele ya mulango, ile simenti yenye fimbo ya mama yako inateleza kila mara, njo maana alikuwa anaogopa kutoka peke yake? Niliipigilia pale na misumari kumi na sita ya simenti, ndefu. Niliruka juu, nilipiga teke, niliita Nono mwenye kilo yake na yeye akaruka. Haitembei hata kidogo. Hakuna mulango mwingine mu Lubumbashi iko na kizingiti kama ile.

Jana mama yako alisimama pale, na fimbo, bila mukono yangu. Nikamwambia ngoja. Akasema: «Weye njo ungoje.» Alipiga hatua sita, Benita, mupaka ku mulango ya motokari, akafungua yeye mwenyewe, akakaa mahali pake. Nilizunguka nyuma ya nyumba kidogo. Vumbi iliingia mu macho.

Sasa ananinyanganya kalamu. Anasema na yeye anataka mustari mumoja, na ile mukono ya kuume. Usicheke maandiko yake, inashinda yangu.

Baba yako,
Kasonde, shofere

*benita kuja mbio. baba yako anaendesha polepole sana sasa mupaka bantu ba baiskeli banatusalimia na kutupita. mama*