Pete Aliyoipoteza Sinema Ninayo Mimi

Shangazi yangu wa gazetini, shikamoo. Naomba unisaidie haraka, maana moyo unanidunda kama nimetoka mbio na sijui nicheke au nilie. Mimi ni msusi, nina miaka ishirini na tisa, na mpenzi wangu ni fundi wa friji, mtu mpole ambaye maneno yake ya siku nzima yanaenea kiganjani. Tangu mwaka uanze nilikuwa naingoja filamu moja ya mapenzi na vichekesho, ya watu waliokwenda likizo wakapendana hotelini, ina mastaa wanane, wanane Shangazi, picha zao nimezibandika kioo kizima cha saluni, na kila niliyemsuka nilimwambia hii lazima uione, kumbe fundi wangu naye alikuwa akinisikia, akapanga kunichumbia humo humo ukumbini, Jumamosi mchana, mimi sina habari.

Basi filamu ikaanza, na Shangazi, ni aibu! Kila staa anaingia, anatabasamu, anaanguka kwenye bwawa la kuogelea, anatoka, hadithi haiendi mbele wala nyuma, mzaha unaujua kabla haujasemwa, nikageuka nimwambie fundi twende zetu, nikamkuta amelala fofofo, mdomo wazi, na katikati ya viti vyetu kuna kikasha cha bluu kimemdondoka mfukoni. Nikakifungua. Pete! Nilijiziba mdomo nisipige kigelegele watu wakadhani nimeipenda filamu. Nikakitia mkobani ili nimrudishie mfukoni taratibu, lakini taa zikawaka, akaamka, tukatoka.

Tangu siku hiyo kila siku nasema kesho, na sasa ni wiki ya pili. Muuza tiketi wa pale ukumbini, ambaye namsuka mimi, ameniambia, "Yule fundi wako anaipenda ile filamu jamani, ameiona mara tano, peke yake!" Nikajua anatafuta chini ya viti. Nilipomuuliza fundi mwenyewe, akanijibu, "Labda mara ya kwanza sikuielewa." Nilicheka mpaka nikaenda kujificha chooni. Lakini juzi, tukinywa chai saluni, akasema kwa sauti ndogo, "Mambo yetu haya tusiyaharakishe. Naona kama mimi sistahili." Kicheko kikanikauka. Shangazi, nataka aniombe kwa mdomo wake, nikimpa pete mwenyewe si nitakuwa nimejichumbia?

Msusi Mwenye Pete

Marahaba, mwanangu, na hongera! Barua yako nimeisoma nimesimama, nikawaita wenzangu wote ofisini waje wasikie.

Sasa nikuseme. Ulitaka mwanamume akupigie magoti? Ameshapiga mara tano, gizani, kwenye bisi zilizokanyagwa, na wewe ukaenda kucheka chooni. Filamu mbovu si kosa lako. Wiki mbili za kimya ni kosa lako. Mtu mpole akipoteza kitu kama hicho hawezi kupiga kelele, anajilaumu tu, na huyu amejilaumu mpaka anataka kukuacha kwa wema. Kujichumbia ndiyo nini? Pete aliinunua kabla hujaiona.

Mfuate leo kazini kwake. Usimtume rafiki, wala usimrudishie kisirisiri, kwa sababu hapo utaanza ndoa kwa kumficha mwenzako. Mweleze yote, na kile kicheko pia, umwombe radhi. Kisha mpe kikasha mkononi, unyamaze. Unyamaze kweli, najua wasusi mlivyo. Mwache ayatafute maneno yake mwenyewe.

Jambo hili halikuweza kungoja gazeti litoke, kwa hiyo jibu nilimsomea binti kwa simu. Asubuhi hii amenipigia akipiga mayowe nusura sikio linizibe. Alimkuta fundi nyuma ya friji iliyofunguliwa, akaeleza, akakabidhi, akanyamaza.

"Mara tano!" fundi akafoka. "Umeniacha niangalie ule upuuzi mara tano!"

Alinuna kama dakika kumi hivi. Kisha akaweka bisibisi chini, akanawa mikono kwa sabuni, akauliza. Binti anasema alijibu swali likiwa halijafika nusu.