Bolti Mbili za Pikapu ya Mkunga

Jumatatu, 8 Septemba

Gereji saa moja na nusu. Chai na vitumbua nje ya geti, kisha chini ya gari. Pikapu ya Mkunga Yunis. Klachi imekwisha kabisa. Juzi ilipoletwa ilikuwa inanguruma tu, haiendi.

Mkunga ni mstaafu. Wanawake wa kule Kigongo na vijiji vya ufukweni aliwazalisha miaka yote ya kazi yake, na mpaka leo hawajamwachia apumzike. Mwanamke akishikwa uchungu anapigiwa simu yeye, naye anampakia kwenye pikapu hadi hospitali mjini. Kwa hiyo hii si gari ya kulala gereji. Nilimwahidi ataipata Jumatano. Niliahidi kwa sauti, mbele ya watu. Miaka kumi na tisa kwenye kazi hii. Klachi kwangu ni siku mbili.

Giaboksi ya gari hii imefungwa kwenye injini kwa bolti tisa. Nimetoa saba. Ya nane, ile ya juu, nyuma ya injini ambako jicho halifiki, imekataa. Nikachomeka bomba kwenye spana niongeze nguvu. Nilipaswa kuimwagia mafuta na kusubiri. Sikusubiri. Ikalia tak. Nusu imebaki mkononi mwangu, nusu ndani ya injini.

Kosa la mwanafunzi. Nimejichukia jioni yote.

Jumanne, 9 Septemba

Bolti ya tisa. Nimeigusa tu, kichwa kikadondoka. Hakikuwa kimeshika kitu. Gundi! Kuna fundi, sijui nani, sijui lini, aliivunja akabandika kichwa juu ili mwenye gari asijue. Mama wa watu amebeba wajawazito kwenye gari ambayo giaboksi yake haikukaa sawa. Nimetukana peke yangu chini ya gari.

Sasa ni vipande viwili. Giaboksi iko chini, klachi mpya iko kwenye boksi, kuifunga ni kazi ya asubuhi moja. Lakini vipande vimezama ndani ya chuma cha injini, hakuna pa kushika. Nilijaribu kukitoboa cha kwanza kwa drili. Ncha ikateleza kwenda pembeni. Nikazima haraka. Ningekula ukuta wa tundu, injini nzima ingekuwa chuma chakavu.

Deus wa banda la jirani alikuja kuchungulia.

"Bandika vichwa, kaka. Saba zinatosha. Nani atachungulia huko?"

Nikarudi chini ya gari. Kibaya ni kwamba nililifikiria. Dakika nzima.

Jumatano, 10 Septemba

Siku ya ahadi. Gari bado iko juu ya stendi.

Nimeita mchomeleaji wa pale gereji. Dawa ya bolti iliyokatikia ndani tunaijua wote: unachomelea nati juu ya kipande, unaizungusha kwa spana, kinatoka. Akaingiza kichwa, akaona nafasi ni ya mkono mmoja, akasema hapana. Akikosea ataua injini ya watu. Simlaumu.

Mkunga alipiga saa nne. Shikamoo, marahaba. Nikamwambia nasubiri spea. Uongo. Spea ninayo tangu Jumamosi.

Hakukasirika. Alinieleza tu kwamba jana binti mmoja walimpakia kwenye bodaboda, akajifungulia kabla ya kufika Usagara, kwenye kibanda cha muuza mihogo. Mama mzima, mtoto mzima.

"Mungu amesaidia," akasema. "Ila sipendi tumjaribu mara mbili."

Chakula cha mchana sikula.

Alhamisi, 11 Septemba

Niandike ukweli, maana hapa hakuna anayesoma.

Mke wangu ni fundi wa kuchomelea. Mageti, madirisha, vitanda. Ana banda lake Mkuyuni karibu na soko, na wenye boti za chuma wanamfuata hapo. Kazi alifundishwa na kaka yake. Nilipomwoa nilimwomba aache. Hakuacha. Tangu hapo watu wakiniuliza shughuli yake nasema, "mama anafanya biashara." Miaka minane nasema hivyo. Gereji hajawahi kukanyaga.

Na siku zote hizi nimejua kwamba mtu wa kuzitoa bolti zile nakula naye meza moja.

Leo wakati wa chai ya asubuhi nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho huku anamfunga mwanetu Koku vifungo vya shati la shule.

"Siku nne unahangaika na bolti, Baba Koku, na mimi niko hapa?"

"Sikutaka kukusumbua."

"Hukutaka nionekane."

Nikainamia kikombe. Uso ulikuwa unaniwaka.

Akamtoa Koku hadi mlangoni, akarudi, akamalizia chai yake. Kisha akauliza tundu lina upana gani, na kipande kimezama kiasi gani. Leo ana geti la kumaliza. Atakuja kesho asubuhi.

Ijumaa, 12 Septemba

Amekuja saa tatu. Bajaji ilishusha mashine, yeye akashuka nyuma yake na ovaroli yenye matundu ya cheche na kitambaa kichwani. Gereji yote ikageuka. Mmoja akauliza kama mama amepotea njia.

Nilipanga nisubiri tu, nione. Lakini mdomo ulitangulia. Nikasema kwa sauti ileile niliyomwahidia Mkunga: "Huyu ni mke wangu. Ni fundi. Amekuja kunisaidia kazi iliyonishinda."

Hakuniangalia. Alikuwa tayari amelala chini.

Alikaa na tochi robo saa nzima bila kugusa chochote. Kisha akaanza kuamrisha. Toa waya za betri. Ondoa makopo ya mafuta yote. Leta ndoo ya mchanga. Nilikimbia kama nimeajiriwa leo.

Nati ya kwanza ilishika. Nikaweka spana, nikavuta, nati ikang'oka peke yake, kipande kikabaki. Ya pili ikang'oka pia. Mtu akacheka nyuma. Nilimjua kwa sauti, alikuwa Deus. Nikasikia hasira, si kwa ajili yangu, kwa ajili yake yeye aliyelala pale na cheche zikimdondokea shingoni.

Yeye hata hakusikia. Akasema tu, "Tulikuwa na haraka. Kipande kiko chini mno." Akaacha nati. Akaanza kudondosha chuma tone kwa tone juu ya kipande, anagusa anaacha, anagusa anaacha, mpaka kikapanda chenyewe juu ya uso wa injini kama uyoga mdogo. Injini yenyewe hakuichubua. Sijawahi kuona mkono mtulivu kiasi kile katika nafasi finyu kiasi kile. Miaka minane nimeishi na mkono ule.

Ndipo akaweka nati ya tatu, akaijaza chuma cha moto.

Nilitaka kuvuta papo hapo. Akanishika kifundo cha mkono.

"Acha ipoe."

Tukasubiri. Akaomba mshumaa, akaugusisha chuma kikiwa bado na joto, nta ikayeyuka ikapenya kwenye mizunguko ya bolti, ilegeze kutu. Tukasubiri tena. Sasa hakuna aliyekuwa anacheka. Mafundi sita wamechuchumaa kuizunguka gari kama wanaangalia mpira.

"Haya. Taratibu. Nenda, rudi."

Nikaenda, nikarudi. Robo ya robo. Bolti ikalia, ule mlio mwembamba wa kutu inayoachia. Nenda, rudi. Mzunguko mmoja. Miwili. Ikatoka nzima, nyekundu kwa kutu, ndefu kama kidole changu cha mwisho.

Ya pili, ile ya gundi, ilichukua muda zaidi kwa sababu ya uchafu. Lakini ilitoka. Saa saba na nusu zote mbili zilikuwa juu ya kitambaa.

Deus alizichukua, akazigeuza, akazirudisha. Akamwambia mke wangu, "Shemeji, nimenyoosha mikono."

"Nina kazi ya dirisha saa tisa," akajibu. Akanawa, akapanda bajaji, akaenda.

Nilikaa pale chini peke yangu. Nilikuwa na fahari mpaka kifua kinauma. Na aibu ndani yake, kama mchanga kwenye wali. Zote mbili.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimesafisha njia za matundu, bolti mpya zinaingia kwa vidole. Klachi mpya, giaboksi juu, bolti tisa, zote za kweli. Sikutumia bomba popote. Saa nane nikaijaribu hadi Nyegezi na kurudi. Inaondoka laini hata mlimani.

Mkunga alikuja na mpwa wake. Akazunguka gari, akakanyaga klachi mara tatu, akacheka. Nikamwambia yote. Kwamba sikuwa nasubiri spea. Kwamba niliivunja moja kwa haraka, na ya pili ilibandikwa na mtu kabla yangu. Kwamba aliyeziondoa ni mke wangu.

Nilidhani atanisema.

"Huyo mkeo," akasema, "ana kazi yoyote Jumatatu? Kitanda changu cha kuzalishia kimekatika mguu."

Nikampa namba.

Jumapili, 14 Septemba

Ibada asubuhi. Mchana mimi, mke wangu na Koku tukaenda mgahawa wa ufukweni, tukala samaki, sato. Upepo mdogo, maji yametulia.

Mke wangu alipokuwa ananawa niliona alama ya moto shingoni mwake, ndogo, mbichi. Nikamuuliza kama inauma. Akasema kidogo. Nikamwagiza mhudumu barafu.

Baadaye mwanaume mmoja nisiyemjua akasimama karibu na meza yetu. Alisema ana boti, tangi la mafuta limepasuka, ameelekezwa kwetu na mafundi wa gereji. Akanikazia macho. "Wewe si ndiye mume wa yule mama fundi?"

Nikasema ndiyo, ndiye mimi.

Mke wangu alikuwa amemgeukia mtoto, anamtolea miiba kwenye samaki, mmoja mmoja. Hakusikia. Nikamsogezea kiti yule mgeni, nikamwambia akae, fundi anamaliza kumlisha mtoto.