Ukuta wa Sufu

Shamba la Haugen,
S.L.P. 14,
Buffalo, Dakota Kusini.
Jumatano, 21 Machi 1984

Mpendwa Shangazi Verna,

Salamu nyingi kutoka katika nyumba uliyozaliwa. Kifua kinaendeleaje? Binamu Lorraine aliniandikia kwamba siku hizi unalala mpaka asubuhi bila kukohoa. Nilimshukuru Mungu kwa jua hilo la Arizona, ingawa nalionea wivu. Na je, unakula? Nakujua wewe, ukiachwa peke yako unakunywa kahawa na kuiita chakula. Usifanye hivyo, tafadhali.

Machungwa yalifika salama. Gordon alikula manne amesimama pale pale mlangoni, koti hajavua, akasema nikwambie kwamba ukituma mengine hatakasirika.

Sisi tu wazima. Nimeliandika neno hilo kisha nikalitazama kwa muda. Maana yake ni kwamba mume wangu na mimi bado tunapumua na nyumba ina paa. Mengine si mazima, Shangazi, na nisipokueleza wewe sina wa kumweleza.

Nimewanyoa kondoo.

Najua umeiweka barua chini. Ichukue tena, nakuomba. Nilikuwa na miaka kumi uliponifundisha kwamba usimvue kondoo koti lake kabla hujaacha kulivaa lako. Alhamisi iliyopita asubuhi nilitoka kuwafungulia wanyoaji lango, na nilikuwa nimevaa koti langu, vifungo vyote mpaka kidevuni. Asiyesikia la mkuu, Shangazi, huvunjika guu. Tatizo ni kwamba safari hii mguu uliovunjika si wangu.

Unawajua wanyoaji. Rudy na watu wake sita hupita na trela lao mara moja tu, na ukiwaambia hapana hawarudi mpaka mwisho wa Aprili, wakati wanakondoo wameshazaliwa na kila kitu ni vurugu. Majike wetu wanaanza kuzaa tarehe nne. Nilitaka sufu itoke kabla, ili banda liwe na nafasi na watoto wapate chuchu bila kuitafuta kwenye manyoya. Na redio ilikuwa imesoma utabiri wa siku saba, jua tupu.

Gordon alisema tungoje. Alisema polepole, kama anavyosema kila kitu, huku akitazama upande wa magharibi. Nami nikamjibu mbele ya Rudy na wenzake, "Wewe ungengoja mpaka mkeo azeeke ndipo umpose!" Walicheka wote. Naye alicheka, akaenda kuleta kundi la kwanza. Kicheko hicho ndicho kinachoninyima usingizi.

Kufikia Ijumaa jioni tulikuwa tumemaliza wote mia mbili na themanini. Jumamosi walitawanyika juani, weupe, wembamba, wanaruka kama wamesahau kuwa wana mimba. Nikaona nimefanya jambo la akili.

Jumapili mvua ilianza tukiwa kanisani. Tulipofika nyumbani ilikuwa barafu, na saa tisa ilikuwa theluji, upepo wa kaskazini umeishika unaivurumisha kando, huwezi kuona tanki la maji kutoka mlangoni. Banda linachukua mia na sabini. Hao tuliwasukuma ndani. Mia na kumi waliobaki tuliwapeleka nyuma ya lundo la nyasi, tukawatandikia kila kitu tulichokuwa nacho. Dhoruba haikukatika mpaka Jumatatu jioni.

Katika kila barua unaniuliza habari za Dagny, na leo nimejaza ukurasa mzima nikimkwepa.

Jana asubuhi nilihesabu kama tunavyohesabu siku zote, kondoo weusi kwanza. Weusi watatu wakiwepo, kundi lipo. Niliwaona wawili. Nilisimama pale na koleo mkononi, na kabla hatujachimba hata kidogo nilikuwa nimeshajua. Wale wa nje walirundikana kutafuta joto, wa chini wakakosa pumzi. Tumewatoa thelathini na saba. Lakini Dagny, mweusi wako uliyemlea kwa chupa jikoni humu, hakuwa ndani ya rundo. Alikuwa upande wa upepo, amekufa akiwa amesimama, theluji imemfika mgongoni, kama mtu anayeushikilia mlango usifunguke.

Mimi ndiye niliyemtoa nje. Gordon alikuwa amemwingiza bandani, nikamtoa. Nilijua wenzake humfuata, nikadhani akiwa nao hawatahangaika huku na huko. Nisamehe, au usinisamehe, lakini ujue kutoka kwangu mwenyewe.

Gordon hajanilaumu. Heri angenitukana. Anakula, ananipa chumvi, anavaa glavu na kutoka.

Na hayajaisha. Leo saa sita mchana nilikaa na redio ya betri, maana umeme hatuna tangu Jumapili, nikaandika wiki nzima nyuma ya kalenda. Kesho theluji tena, upepo mkali kutoka kusini-mashariki. Ijumaa upepo unageuka kaskazini, nyuzi kumi chini ya sifuri. Jumamosi vivyo hivyo. Jumapili mawingu. Jumatatu jua, na theluji kuanza kuyeyuka. Mtangazaji alipofika Jumatatu sauti ilimchangamka, akawatakia wasikilizaji mwanzo mwema wa majira ya kuchipua. Yeye ameshafika Jumatatu. Mimi nimekwama Alhamisi.

Kusini-mashariki, Shangazi! Unalijua banda la Babu. Alilijenga likiipa kaskazini mgongo, na ule mdomo wake wa futi arobaini usio na mlango unaangalia huko huko upepo wa kesho unakotoka. Tumeng'oa hori zote ili mia mbili na arobaini na wawili waliobaki waenee, jambo ambalo tungelifanya Jumapili kama ningekuwa na kichwa. Lakini wamebanana mpaka ukingoni, hawana manyoya, na hatuna cha kuzibia mdomo ule. Mbao hakuna. Nyasi zilizobaki ni chakula, tena ni chache. Kama theluji itaingia humo kwa siku moja kisha baridi ya Ijumaa iwakute wameloa, hutahitaji kuniuliza tena habari za kondoo.

Nasikia trekta la Einar Sletten langoni. Naacha hapa kidogo.

Ijumaa asubuhi

Nimerudi. Vidole vyangu vimevimba, uvumilie mwandiko.

Jirani yetu Einar hajabadilika, bado ni kapera na bado mdomo wake hauna mlango. Juzi alikuja kututazama kama tuko hai, akaegemea lango na kikombe cha kahawa niliyompa, akawatazama kondoo wangu wanavyotetemeka.

"Umelikoroga, shemeji," akasema, "na wanaolinywa ni kondoo."

"Nyamaza, Einar."

"Nasema tu. Si uliwavua nguo mwenyewe? Basi warudishie!"

Akacheka peke yake. Mimi nilimwacha pale pale nikaingia kwenye ghala la zamani la nafaka ili asinione nalia. Nililia kweli, Shangazi, kwa sauti, kama mtoto aliyepotea sokoni. Nikatafuta pa kukaa, nikakaa juu ya gunia la sufu.

Yapo tisa, yale marefu kuliko mtu, yameshindiliwa mpaka magumu, yanasubiri lori la mnunuzi. Niliyatazama, na machozi yakakauka yenyewe. Sufu yao yote ilikuwa humo, kavu, imefungwa vizuri, na wenyewe wako nje uchi.

Nilitoka mbio nikampata Gordon bandani, anajaribu kupigilia turubai lililooza.

"Magunia," nikamwambia. "Ya sufu. Tuyapange mdomoni."

Aliacha nyundo. "Hiyo ni sufu ya mwaka mzima, Marlys."

"Najua."

"Ikilowa, ikichanganyika na mavi, hakuna mtu ataigusa."

"Najua, Gordon! Kila kitu najua sasa. Nilaumu basi, mbona hunilaumu? Nitukane tumalize!"

Aliniangalia kwa uchovu. "Nikianza kukulaumu," akasema, "nani atashika upande wa pili wa gunia?"

Basi tukashika. Einar alimwaga kahawa yake na kufunga mnyororo kwenye trekta bila kuambiwa, na tangu hapo hakutania tena. Tuliyaburuta moja moja juu ya theluji, tukayalaza matatu kwa urefu, matatu kwenda juu. Upande uliobaki tuliziba kwa gari la nyasi na lori letu, chini yake tukajaza theluji kwa koleo. Tulimaliza jana asubuhi, na kabla ya saa sita upepo ulikuwa umefika, kutoka pale pale aliposema yule mtu wa redio. Siku asiyotakiwa kusema kweli, akasema kweli.

Theluji ilipiga ukuta ule mchana kutwa. Kwa nje magunia yameganda, huwezi kuyatofautisha na mawe. Kwa ndani niliingiza mkono, nikakuta pakavu.

Lakini usidhani nakupa habari njema. Upepo umeshageuka, baridi ndiyo hii, na wino nauyeyusha kwapani. Sita wengine wamekufa tangu jana, wale waliokuwa tayari wamechoka. Nyasi ni za siku mbili, na kutoka leo mpaka hiyo Jumatatu ya kwenye redio ni siku tatu. Gordon anasema tutawapa nusu. Nusu, kwa majike wenye mimba wasio na manyoya! Nikilala dakika kumi naota nawasikia wanaitana, nikiamka ni kweli wanaitana. Zamani nilikuwa nikiomba Mungu mambo mengi. Sasa namwomba Jumatatu tu, na sina hakika kama ananisikia, maana hata yeye ninadhani aliniona nikiwa na lile koti.

Sikuombi kitu. Ningetaka tu ungekuwa hapa ukanigombeza.

Norbert wa greda la kuondoa theluji barabarani amefika langoni, na ameahidi kuifikisha barua hii posta akipata njia. Ananisubiri huku anakula mkate wangu, kwa hiyo nafupisha. Msalimie Binamu Lorraine na mumewe Dale, na mapacha wao, uwaambie wasije huku kutafuta theluji, tutawaletea. Msalimie na Bibi Inez mwenye mchungwa. Einar anakusalimu, anasema ulimkataa mwaka arobaini na tisa na bado ana nafasi. Mungu akitunze kifua chako, akuzidishie siku, na akuweke mbali na upepo wa pande zote nne.

Neno moja la mwisho. Unakumbuka kwamba sufu nyeusi hatuichanganyi na nyeupe, unyoya mmoja tu huharibu gunia zima. Ya Dagny niliitia peke yake kwenye gunia dogo la viazi, nikaiweka rafuni, nikasahau. Jana tulipomaliza kupanga lilibaki tundu kati ya magunia na gari, dogo, lakini upepo uliingia humo ukipiga mluzi, na kondoo wakasogea mbali nalo wakikanyagana. Gordon alikwenda ghalani mwenyewe. Alirudi na gunia lile, akalisukuma tunduni kwa goti mpaka likakaa, na mluzi ukakoma. Majike wakarudi taratibu, wakalala wameliegemea.

Leo asubuhi nilihesabu weusi, kama ulivyonifundisha. Watatu, Shangazi. Wawili wamesimama, na mmoja ameshikilia mlango.

Mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye hata nikiwa na aibu,
Marlys